Apdeti Imekuja, Ubonyeze au Uache? Kisa cha Watu Watatu Nisiowataja Majina

Leo tunaweka pembeni umbea wa mastaa, nani kaachana na nani tutarudi nayo kesho. Leo nawaletea historia, na kabla hujakimbia naomba unipe dakika kumi, maana kisa chenyewe kina wizi, hospitali, uongo wa miaka mitatu na jamaa aliyekamatwa uwanja wa ndege. Muvi nyingi hazifikii hapo.

Wanaonijua wanajua mchana nashinda kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Tunaprinti, tunatoa kopi, tunawajazia watu maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira. Juzi kompyuta kubwa ya ofisini ikaanza tena kutukumbusha kwamba Windows 10 ndo basi. Ni kweli, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu ni ya zamani, Windows 11 inaikataa kabisa. Mjadala ukaanzia hapo.

Fundi wetu akasema, "Achaneni nao hao. Apdeti ni biashara, zinakula bando na kuifanya mashine iwe nzito ili ununue nyingine. Mimi nazima zote." Kuna kijana wa bodaboda alikuja kuprinti picha za pasipoti saizi, akacheka, "Mimi ikija tu nabonyeza. Kipya kipya bwana." Mwanachuo mmoja akaingilia, "Wekeni Linux. Ile ni programu huria, msimbo wake uko wazi, kila mtu anauona, nani atakuingilia?" Na kulikuwa na dada mmoja anasafiri kwenda Muscat kufanya kazi, alikuja kuprinti tiketi, naye akauliza swali lake: "Sasa mimi nikifika uwanja wa ndege nikaunga waifai ya bure, wananiibia au hawaniibii?"

Mimi nilikaa kimya. Kwanza karatasi ilikuwa imekwama kwenye printa. Pili, nina kidonda changu kwenye hiyo mada, nitakifikia. Ila usiku nikawaza kwamba kila mmoja pale alikuwa na nusu ya ukweli, na kuna watu watatu ambao maisha yao yanaonyesha hiyo nusu nyingine. Majina yao siwataji. Wa kwanza hakutaka kujulikana, magazeti yakamlazimisha. Wa pili jina analolitumia halijawahi kuthibitishwa kuwa la mtu yeyote. Wa tatu ni mtu wa kazi zake tu. Mwenye bando atawatafuta mwenyewe.

Tuanze na Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kilitoka kirusi kinaitwa WannaCry. Kikiingia kwenye kompyuta kinafunga mafaili yako yote halafu kinaleta kidirisha chekundu: lipa dola 300 kwa bitcoin, ukichelewa zinakuwa 600. Na hakikuhitaji ubonyeze kitu. Kiliruka chenyewe kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ndani ya siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeshikwa. Viwanda vya Renault Ufaransa vikasimama. Kwenye stesheni za treni Ujerumani, mbao za kuonyesha ratiba zikaonyesha kile kidirisha chekundu badala ya ratiba. Uingereza ndo ilikuwa balaa, hospitali za serikali zilishikwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Tundu ambalo kirusi kilipitia lilikuwa linajulikana. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ndilo lililotengeneza silaha ya kupitia tundu hilo, likakaa nayo kimya, ikaibiwa, na mwezi Aprili 2017 walioiba wakaianika mtandaoni. Lakini kabla ya hapo, tarehe 14 Machi, Microsoft walikuwa wameshatoa apdeti ya kuliziba. Yaani kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla ya moto. Walioungua wengi walikuwa ni wale wenye apdeti zinazosubiri. Kila mmoja alikuwa na fundi wake aliyesema "achaneni nao".

Aliyekizima alikuwa kijana wa miaka 22, anaishi kwa wazazi wake kwenye mji mdogo wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza. Chuo hakwenda, kompyuta alijifundisha mwenyewe chumbani. (Nikisoma vitu kama hivi mimi niliyeishia fomu foo huwa nasogeza kiti karibu.) Wiki hiyo alikuwa likizo. Akakichukua kile kirusi, akakifungua, akaona kabla hakijaanza kazi kinabisha hodi kwenye anwani moja ya tovuti, herufi ndefu zisizo na maana, na anwani hiyo haina mwenyewe. Akainunua kwa dola 10 na senti 69. Nia yake ilikuwa aone tu ni kompyuta ngapi zinabisha hodi, hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kumbe kirusi kiliandikwa hivi: kikijibiwa, kinaacha. Kwa hiyo ile anwani ilipopata mwenyewe tu, kikaanza kulala dunia nzima.

Alikuwa anaandika blogu kwa jina la utani na alitaka ibaki hivyo. Magazeti ya udaku ya kwao yakamfukua ndani ya siku chache. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo akaenda Las Vegas kwenye mkutano wa wadukuzi, na Agosti, siku ya kurudi nyumbani, FBI wakamdaka uwanja wa ndege. Kosa lilikuwa la zamani, alipokuwa kijana mdogo aliwahi kuandika programu iliyotumika kuiba taarifa za benki. Alikiri, na Julai 2019 jaji akaona muda aliokwishakaa unatosha, hakumfunga tena. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeokoa hospitali alikuwa amewahi kuwaandikia wezi. Mimi huwa nashindwa kumchukia na nashindwa kumsifia moja kwa moja.

Haya, kidonda changu. Mwaka 2020 nilikuwa ndo naanza hapa steshenari. Bosi wangu, dada mwenye duka, aliniambia mashine inakula bando, nikaenda nikazima apdeti zote. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu, na nilijiona fundi. Programu za kuhariri picha nazo nilizipata zile za kuvunjwa, za bure, mnazijua. Asubuhi moja nikawasha nikakuta kila faili lina mkia wa herufi za ajabu na karatasi ya kudai dola. Barua za watu, wasifu wa kazi, ratiba za mazishi, vyote havifunguki.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuja mzee mmoja na picha ya mama yake, ya karatasi, imeliwa na mchwa nusu. Tukaiskani, nikaisafisha vizuri, tukamprintia nakala moja. Ile ya zamani akasema haina kazi tena, akaitupa kwenye pipa letu palepale. Baada ya miezi kadhaa akarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile nakala imelowa mvua, naomba nyingine."

Nikamwambia hatuna. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hata ndogo?" Nikasema hata ndogo mzee. Akatoka.

Kwa hiyo mtu angenikuta mwaka ule angenikuta mhubiri wa apdeti. Ikija nabonyeza, kama yule wa bodaboda. Nilikuwa hivyo mpaka Machi 2024, nilipokutana na kisa cha mtu wa pili na wa tatu.

Kuna programu ndogo inaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo, basi. Karibu kila Linux duniani inayo, na Linux ndo inaendesha seva nyingi ambazo mitandao tunayotumia imekaa juu yake. Programu yote hiyo ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja wa Finland, miaka na miaka, bure, baada ya kazi zake. Mwaka 2021 akatokea mchangiaji mpya. Mpole, anafanya kazi vizuri, anatuma marekebisho kidogo kidogo. Mwaka 2022 wakatokea wengine, wao kazi yao kulalamika: mbona unachelewa, mbona mradi umekufa, si umpe mtu mwingine auendeshe? Yule wa Finland akajibu kistaarabu kwamba bado anaupenda mradi, ila kwa muda mrefu amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi hii halipwi. Wakazidi kumkaba. Wale walalamikaji ukiwatafuta leo hawaonekani popote pengine mtandaoni, ni kama waliumbwa kwa kazi ile tu.

Na yule mpole yupo pembeni, anasaidia. Ungefanyaje? Umechoka, unasemwa, na kuna mtu mmoja tu anakupa mkono. Akampa funguo. Mwaka 2023 mgeni tayari anatoa matoleo mapya mwenyewe.

Februari 2024 akatoa toleo 5.6.0, na Machi 5.6.1, ndani yake kuna mlango wa nyuma. Umefichwa kiasi kwamba ukisoma msimbo ulio wazi huuoni, kwa sababu sumu ilikuwa kwenye mafaili ya majaribio yanayoonekana kama takataka, na kipande cha kuiwasha kilikuwa kwenye furushi la kupakua tu, siyo kwenye msimbo ambao watu wanausoma. Shabaha ilikuwa SSH, ule mlango ambao mafundi wa seva wanaingilia wakiwa mbali. Xz na SSH wala hawajuani, ila kwenye baadhi ya mifumo walikuwa wanaunganishwa na programu ya tatu, ndugu wa ndugu. Mgeni alipita kwa huyo ndugu. Kama ingefika mbali, mwenye ufunguo wake wa siri angeweza kuingia kwenye seva nyingi mno bila paswedi. Na alikuwa na haraka, aliwabembeleza watu wa Fedora kwa wiki kadhaa walichukue toleo jipya eti lina mambo mazuri.

Mwanachuo wetu yuko wapi? Msimbo uko wazi, kila mtu anauona. Ndiyo, kila mtu anaweza kuuona. Aliyekuwa anauangalia kila siku alikuwa mmoja, tena kachoka.

Sasa mtu wa tatu. Injinia wa hifadhidata, ameajiriwa na Microsoft haohao. Alikuwa anapima kasi ya programu yake kwenye Linux ya majaribio, akaona kitu kinamkera. Kuingia kwa SSH, kitu kilichokuwa kinachukua kama sekunde 0.3, sasa kinachukua 0.8. Nusu sekunde jamani! Mimi printa yetu ikichelewa dakika nne naendelea kula mihogo. Yeye akakaa na ile nusu sekunde, akakumbuka pia kwamba wiki chache nyuma aliona hitilafu ya ajabu baada ya apdeti, akafuata uzi, mpaka akaikuta xz. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, akaandika hadharani alichokiona, na akasema wazi kwamba yeye siyo mtaalamu wa usalama. Tundu likapewa alama 10 kati ya 10 ya hatari. Mgeni akapotea na hajulikani ni nani mpaka leo, mtu mmoja au ofisi nzima.

Na waliokuwa na matoleo yenye ule mlango ni akina nani? Wale wa "kipya kipya bwana". Walioshika Linux za majaribio na za kisasa kabisa. Wenye Debian ya kawaida, ile wanayoicheka kwamba imezeeka, hawakuguswa, kwa sababu toleo jipya lilikuwa halijawafikia. Nilipomsimulia fundi wetu aliruka, "Si nilisema!" Ikabidi nimkumbushe mwaka 2020, akanywea.

Ila tuwe wakweli kwa upande wa mwanachuo pia. Yule injinia aliweza kufuata uzi mpaka mwisho kwa sababu hakuna mlango uliofungwa njiani. Kama ingekuwa programu iliyofungwa angeishia kusema mashine imekuwa nzito. Na uwazi una faida zake nyingine ambazo hatuzisemi. Mwaka 2004, mimi nina miaka minne, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili kitupu, ikatokana na mradi wao wa Kilinux. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wa wote, wakaufungua wakautafsiri, hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Waswahili ni soko. Leo muulize mtu Msamvu kama amewahi kuisikia.

Nikamjibu na dada wa Muscat. Alirudi kesho yake kutoa kopi ya mkataba wake wa kazi, nikamwambia hofu yake ina historia. Mwaka 2010 programa mmoja wa Seattle alitoa kidude kinaitwa Firesheep, unakiweka kwenye Firefox. Enzi hizo tovuti nyingi zilifunga mlango wakati unaandika paswedi tu, ukishaingia zinauacha wazi. Ni kama muhuri wanaokupiga mkononi getini kwenye shoo, ili usiulizwe tiketi tena. Firesheep ilikuwa inanakili muhuri wa kila mtu aliye kwenye waifai moja na wewe. Unakaa kwenye mgahawa, unaona majina ya watu pembeni, unabonyeza jina, umeshaingia Facebook ya mtu. Jamaa aliachia na msimbo wake wazi, makusudi, ili kampuni zione aibu. Wengi walimtukana. Lakini Januari 2011 Facebook wakaruhusu mtu achague ulinzi wa mwanzo mpaka mwisho, na kufikia 2013 wakauweka kwa kila mtu. Desemba 2015 mradi wa Let's Encrypt ukaanza kuwagawia wenye tovuti vyeti vya ulinzi bure kabisa. Ndiyo maana leo unaona https karibu kila mahali.

"Kwa hiyo dada yangu," nikamwambia, "waifai ya uwanja wa ndege siyo shimo kama zamani. Simu ikikwambia tovuti hii siyo salama, usilazimishe. Na apdeti za simu fanya nyumbani kabla hujasafiri, usisubiri za njiani."

Akaitikia, halafu akaniuliza kitu sikukitegemea. "Na ile pasi yangu niliyowatumia juzi kwa WhatsApp mkaiprinti, iko wapi?"

Wadau, ilikuwa imekaa palepale. Nikafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa mbele yake. Pasi yake ya kusafiria, na chini yake pasi za watu wengine, vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya fomu foo, mikataba, picha za watoto. Tangu 2022. Mtu yeyote anayekaa kwenye kile kiti anaweza kuvifungua, na wateja wanakaa kila siku. Nimeongea usiku mzima habari za NSA na wadukuzi, kumbe duka lenyewe ndo hili.

Nikafuta ya kwake, nikamwaga na pipa la taka akiona. Akauliza, "Na hawa wengine?" Basi lake likawa linapiga honi, akaondoka.

Nikaanza kufuta. Nimefika katikati, bosi akaingia, "We, unafanya nini? Usifute! Watu huwa wanarudi. Umemsahau yule mzee?"

Sijamsahau. Tulibishana mpaka saa ya chakula. Mwisho tumeweka daftari pale kaunta, kila mteja anasema tumfutie au tumtunzie, na tunachotunza kinawekwa kwenye diski inayofungiwa droo. Mwanachuo katuwekea Linux kwenye ile mashine ya zamani, kachagua Debian ya kawaida, na apdeti zake nazifanya mimi kila Jumamosi jioni duka likishafungwa. Fundi anapita anatikisa kichwa.

Mpaka naandika hapa, daftari lina majina 31. Waliosema tufute ni 12, tutunze 19. Wewe ungesema nini? Na simu yako hapo ulipo ina apdeti ngapi zinasubiri? Dondosha komenti chini, ila namba za vitambulisho usiweke.